Piza ya Jibini na Saladi: Kutoka Dukani hadi Mezani

Piza ya jibini imekwishatoka migahawani na kuingia katika majiko ya nyumbani. Viambato vyake ni vichache, hivyo kasoro ya kimoja huathiri mlo mzima. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuchagua viambato hivyo, kuvipika na kuhifadhi mabaki, ili mlaji apate thamani ya fedha yake na familia ile chakula salama.

1. Jibini: soma lebo kabla ya kusoma bei

Orodha ya viambato kwenye lebo hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Jibini halisi hutanguliwa na maziwa. Hufuatwa na chumvi, bakteria wa kuchachusha na kimeng'enya cha kugandisha. Iwapo orodha inaanza na maji, mafuta ya mimea na wanga, bidhaa hiyo imetengenezwa ili ifanane na jibini. Si lazima iwe na madhara, lakini mlaji hapaswi kuilipia bei ya jibini. Picha ya ng'ombe kwenye pakiti si ushahidi wa kilichomo ndani.

Hakikisha pia kwamba maziwa yaliyotumika yalipashwa joto la kuua vimelea. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Bakteria aitwaye listeria ni hatari zaidi kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni, naye huweza kuongezeka hata ndani ya jokofu. Wapo wanaodhani kwamba moto wa kuokea utamaliza kila kitu. Wasisahau kwamba jibini huonjwa na kushikwa kabla ya kuokwa, na kisu kilichoikata huweza kukata saladi baadaye.

Jibini laini ihifadhiwe katika nyuzijoto zisizozidi 5. Iache iwe bidhaa ya mwisho kuchukuliwa dukani, na uikatae pakiti iliyovimba, iliyopasuka au ambayo tarehe yake imefutwa au kubandikwa upya.

2. Pakiti kubwa si nafuu siku zote

Tuchukue mfano. Pakiti ya gramu 200 inauzwa shilingi 6,000, na ya gramu 500 inauzwa shilingi 14,000. Kwa kila gramu 100, ya kwanza ni shilingi 3,000 na ya pili ni shilingi 2,800. Pakiti kubwa inaonekana kuwa nafuu. Lakini ikiwa gramu 150 zitaharibika na kutupwa, utakuwa umetumia gramu 350 kwa shilingi 14,000, yaani shilingi 4,000 kwa kila gramu 100. Nunua kwa kipimo cha matumizi yako.

3. Unga na hamira

Nchini Tanzania, unga wa ngano wa viwandani hutakiwa kuongezwa virutubishi, yakiwemo madini ya chuma. Tafuta alama ya ubora ya TBS, jina na anwani ya mzalishaji, uzito halisi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga wenye wadudu, harufu ya uvundo au mabonge urudishwe dukani pamoja na risiti.

Hamira hupimwa kwa urahisi. Koroga kijiko cha chai kimoja na nusu cha hamira pamoja na kijiko kimoja cha sukari katika maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika 10 povu litokee juu. Lisipotokea, hamira imekufa. Usipoteze unga juu yake.

4. Upishi

Kwa piza mbili za kiasi cha sentimita 30 kila moja, tumia unga gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300 hadi 325 (yakiwemo ya hamira), chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, na mafuta vijiko viwili vya mezani. Kanda kwa dakika 10, funika, kisha acha donge liumuke hadi liwe maradufu, yaani saa moja au zaidi kidogo.

Wakati huo, chemsha nyanya nne zilizosagwa pamoja na kitunguu saumu, mafuta na chumvi kidogo, hadi rojo liwe zito. Rojo jepesi huacha katikati ya piza ikiwa mbichi.

Gawa donge mara mbili, tandaza, paka rojo, kisha nyunyiza jibini gramu 125 hadi 150 kwa kila piza. Oka katika oveni iliyokwisha kupata joto la nyuzi 220 hadi 250, kwa dakika 10 hadi 15. Asiye na oveni atumie sufuria nzito na makaa juu ya kifuniko, kama upikavyo mkate wa kumimina: makaa machache chini, mengi juu.

5. Saladi

Saladi hailiwi baada ya moto, hivyo usafi ndio kinga yake. Nawa mikono kwa sabuni. Tenganisha majani ya letusi na uyaoshe moja moja kwa maji salama yanayotiririka. Osha tango na karoti kabla ya kumenya. Kisu na ubao vilivyotumika kwa nyama mbichi visiguse mboga hizi kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Changanya mboga na maji ya limau, mafuta kidogo na chumvi wakati wa kula. Limau huongeza ladha, lakini halichukui nafasi ya kuosha.

6. Mabaki

Piza isikae nje zaidi ya saa 2. Iingie kwenye jokofu, na ipashwe moto hadi katikati kabla ya kuliwa. Saladi iliyokwisha kuchanganywa iliwe siku hiyo hiyo. Mjulishe mgeni kwamba mlo una ngano na maziwa, kwa kuwa viwili hivi huwaletea baadhi ya watu mzio.

Jipime

a) Lebo inaanza na maji na mafuta ya mimea. Je, umeshika jibini?
b) Hamira haikutoa povu baada ya dakika 10. Utafanya nini?
c) Piza ilibaki mezani tangu jioni hadi asubuhi. Je, kuipasha moto kunatosha?

Jibu la maswali yote matatu ni la tahadhari: si jibini, tafuta hamira nyingine, hapana, itupwe, kwa kuwa sumu za baadhi ya bakteria haziharibiwi na moto. Ukibaini bidhaa yenye lebo ya udanganyifu, tunza pakiti na risiti, kisha toa taarifa. Malalamiko yenye ushahidi humlinda pia mlaji atakayefuata.