Vyuma Vikikaza Mwamanyili: Maswali Yanayoulizwa Bei ya Pamba Ikianguka

Kata ya Mwamanyili iko wilayani Busega, upande wa Simiyu unaopakana na Ziwa Victoria. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, eneo hili lilihesabiwa ndani ya Magu, mkoani Mwanza. Watu wake wanalima pamba, mahindi, mpunga, dengu na viazi vitamu, wanafuga ng'ombe, wanauza dagaa, wanaendesha bodaboda kuelekea Nyashimo na Lamadi. Wenye barua ya ajira ni wachache. Ndiyo maana uchumi ukiyumba hapa husikii tangazo la watu mia tano kuachishwa kazi. Unachoona ni duka limepungukiwa unga, kikundi cha akina mama kimeahirisha mgao, na fundi cherehani amekaa mlangoni hana nguo ya kushona. Maswali yaliyo hapa chini hujirudia kila vyuma vinapokaza.

Bei ya pamba yetu inapangwa na nani, na kwa nini ianguke wakati sisi tumelima vilevile?

Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, hutangazwa bei dira, yaani bei elekezi ya kufungulia msimu, baada ya Bodi ya Pamba kukaa na wadau. Lakini mzizi wa bei hiyo uko mbali. Mkulima anauza pamba mbegu. Kiwandani, kilo 3 za pamba hiyo hutoa karibu kilo 1 ya nyuzi, na iliyobaki ni mbegu za kukamua mafuta, na mashudu. Nyuzi ndizo zenye thamani kubwa, na sehemu kubwa huuzwa nje kwa bei ya dunia. Viwanda vya nguo vya Asia vikipunguza kununua, mnunuzi wa Simiyu hana namna ya kuficha hilo.

Mei 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Wakati huohuo Marekani na China zilikuwa zinavutana kibiashara, bei ya dunia ikashuka, na wanunuzi wakaanza kusuasua wakiogopa hasara. Pamba ikarundikana kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, wakulima wakasubiri malipo kwa miezi, hadi Serikali ikaingia kati kuzungumza na wanunuzi na mabenki. Mwaka uliofuata ikaja korona, maduka ya nguo Ulaya na Marekani yakafungwa, na bei ya kufungulia msimu ikawa shilingi 810. Mwaka 2022 ikaruka hadi 1,560. Mwaka 2023 ikarudi 1,060.

Tufanye hesabu ya kaya yenye ekari 3 inayovuna kilo 300 kwa ekari, mavuno ambayo wengi hapa wanayafahamu. Kwa bei ya 2019 ni shilingi 1,080,000. Kwa bei ya 2020 ni 729,000. Zimepotea shilingi 351,000 bila mtu kukosa palizi hata moja, na dawa, vibarua na kukodi plau vililipwa kwa bei ileile. Haishangazi kwamba uzalishaji wa nchi ulianguka kutoka zaidi ya tani 340,000 msimu wa 2019/20 hadi tani 122,000 hivi msimu uliofuata. Wataalamu wanahimiza tija, na wana haki, kwa sababu anayevuna kilo 600 kwa ekari huumia kidogo kuliko wa kilo 300. Ila tusidanganyane: tija haiongezi bei.

Kilicho mikononi mwa mkulima ni usafi. Pamba safi isichanganywe na pamba fifi. Mchanga na maji vinavyoongezwa ili mizani isome zaidi humpa mtu senti chache leo, halafu kituo kizima kinapata jina baya kwa wanunuzi.

Mimi silimi pamba. Mbona naumia?

Fuata karatasi moja. Mkulima anafikisha mafurushi yake kwenye ghala la AMCOS, yanapandishwa kwenye mizani, karani anaandika, mkulima anaondoka na stakabadhi. Pesa itakuja baadaye, siku hizi mara nyingi kwa simu au benki. Nyumbani hakuna sabuni wala chumvi, kwa hiyo stakabadhi inapelekwa dukani, si kama malipo bali kama ushahidi kwamba mwenyewe ana chake kinakuja. Mwenye duka anafungua daftari, anaandika jina, kilo 5 za unga, mafuta ya kupima, kiberiti. Wiki ya tatu daftari limejaa na droo haina kitu. Yeye naye anadaiwa na duka la jumla Lamadi, na huko hawapokei daftari. Anaagiza nusu ya mzigo. Bodaboda aliyekuwa anambebea mzigo huo anakosa safari. Bodaboda akikosa safari hali chakula kwa mama lishe, na mama lishe hapeleki hisa kwenye kikundi siku ya mkutano. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayelima pamba.

Ziwani nako kuna mnyororo wake. Sangara wa Ziwa Victoria wanasafirishwa Ulaya na kwingineko, kwa hiyo mlango ukifungwa huko, mvuvi wa Ghuba ya Speke anajua ndani ya siku chache. Ilitokea mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na ikatokea tena mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona. Dagaa wanahimili zaidi, kwa kuwa walaji wao wengi wako hapahapa nchini na kwa majirani. Wanatuokoa mara nyingi kuliko tunavyowasifu.

Redio inasema mfumuko wa bei ni asilimia 3. Mbona dukani sioni hivyo?

Kwanza, mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinapanda polepole zaidi. Pili, Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima kapu la nchi nzima, lenye kodi ya nyumba, nauli, simu, mavazi na hoteli. Katika kapu hilo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Kaya nyingi za kijijini hutumia zaidi ya nusu ya pesa zao kwa chakula. Debe la mahindi likipanda, wastani wa taifa unatikisika kidogo na sufuria yako inatikisika sana. Takwimu si ya uongo. Inajibu swali lingine.

Na dola inatuhusu nini?

Inakata kuwili. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ikafika karibu 2,700. Kwa pamba hilo si baya, kwa sababu nyuzi huuzwa kwa dola. Kwa petroli, viuatilifu na vipuri vya pikipiki ni maumivu. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwetu huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Agosti 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta duniani, petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hiyo ni baada ya Serikali kuweka ruzuku.

Pesa imeisha na pamba haijakomaa. Nikope wapi?

Hili ndilo swali la kukaa nalo, kwa sababu kwa maoni yangu hasara kubwa ya mwaka mbaya haifanyiki Mei bei inapotangazwa. Inafanyika kati ya Januari na Machi, ghala la chakula likiwa tupu, palizi ikidai vibarua na mtoto akidai sare. Ndipo mtu anakubali masharti ambayo mwezi wa Julai asingeyasikiliza.

Mkopo wa kausha damu unajulikana: unachukua 100,000, unarudisha 130,000 ndani ya mwezi, na ukichelewa inaongezwa faini. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni, wale wasiopokea amana, yaani laki moja hiyohiyo ingerudi na 3,500. Tofauti ni 26,500, na ni ya mwezi mmoja tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa biashara awe na leseni. Mwambie akuonyeshe. Anayeshika kadi yako ya benki na namba ya siri, au anayekusainisha karatasi ambayo hujasomewa, tayari umemjua. Wa kwenye simu ni haohao: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na kibali.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinabaki mahali pazuri pa kuanzia. Riba yake inaweza kuonekana si ndogo, lakini inarudi kwenu siku ya mgao. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wote wanategemea pamba ileile, kwa hiyo wote wanataka kukopa wiki moja. Vikundi vinavyodumu huwa na watu mchanganyiko, mwenye duka, mwalimu, muuza dagaa na mkulima, na hugawana miezi ya njaa inapoanza badala ya Desemba ya sikukuu. Najua kubadilisha tarehe ya mgao kunaleta ugomvi. Ugomvi huo ni nafuu kuliko kausha damu.

Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na huchukua muda. Usiitegemee kwa njaa ya wiki hii.

Basi niuze nini kwanza?

Kuuza zao likiwa bado shambani kuwe jambo la mwisho kabisa. Wenzetu wa korosho huko kusini wanaita kangomba, wa kahawa Kagera wanaita butura, na kote mwisho wake ni mmoja: mnunuzi anachukua faida yote ya bei kupanda, na wewe umebaki na kazi ya palizi.

Mbuzi na kuku ndio pesa ya dharura. Ng'ombe wa kuuza auzwe mapema, kabla hajakonda na kabla mnada haujajaa ng'ombe wa watu wenye shida kama yako, maana siku hiyo bei huwa ya aibu. Dume la plau usiliguse. Aliyeuza maksai Februari atakodi plau Novemba, na zamu yake itafika mvua imeshapita.

Chakula nacho kina hesabu yake. Gunia la mahindi linalouzwa Julai ili kulipa deni hununuliwa tena Januari, debe moja moja, kwa bei ya juu zaidi. Ukibanwa, uza kiasi. Wazee wa Kisukuma walijilinda kwa michembe, viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza. Vijana wanaviona chakula cha njaa. Ni kweli, na njaa huja.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nimeambiwa nisirudi. Nina haki gani?

Inategemea ulivyoajiriwa. Kibarua wa msimu ambaye mkataba umeisha na msimu hana mengi ya kudai zaidi ya ujira aliofanyia kazi. Lakini kama ulikuwa mwajiriwa wa kudumu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ukiona umeachishwa isivyo halali, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi wanapoteza kwa kuchelewa, wakiahidiwa na msimamizi kwamba "tutakuita".

Angalia na NSSF. Aliyechangia angalau miezi 18 anaweza kupata fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Kama mwajiri alikukata na hakupeleka, hiyo ni kesi yake.

Serikali inatoa fidia bei ikianguka?

Imewahi, kwa njia ya mzunguko. Juni 2009, kufuatia mtikisiko wa fedha duniani, Rais Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za kampuni na vyama vilivyonunua pamba na kahawa, ili viweze kununua tena. Mkulima alifikiwa kupitia kwa mnunuzi, si mkononi. TASAF nayo ni kwa kaya maskini zinazotambuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Bei ya pamba kushuka peke yake haikuingizi kwenye orodha.

Niache pamba?

Wengi wamepunguza ekari badala ya kuacha, wakaongeza dengu, choroko au alizeti. Si vibaya, mradi ekari ya chakula isiguswe. Kumbuka dengu na choroko nazo zina mnunuzi wa mbali, na pale zinapouzwa kwa stakabadhi ghalani unasubiri mnada kabla ya kulipwa, kwa hiyo tenga pesa ya kukuvusha siku hizo. Na anayeacha bado anatakiwa kung'oa miti ya pamba ya msimu uliopita na kuichoma kabla ya mvua. Asipofanya hivyo, wadudu watakaobaki humo watahamia kwa jirani ambaye bado analima.