Gari la Dizeli Likiishiwa Nguvu Ghafla

Jana pikapu ya kikundi ilipanda mlima vizuri. Leo imebeba mzigo ule ule na inashindwa hata na gia ya pili. Msikubali fundi afungue pampu ya dizeli kwanza! Kazi hiyo inaweza kumaliza akiba ya kikundi, na mara nyingi pampu haina kosa.

Tazameni moshi. Ukiwa mweusi, injini huenda inakosa hewa: toeni filta ya hewa, mkung'ute vumbi. Kama si mweusi na gari linashtuka-shtuka, basi dizeli haifiki vizuri. Zimeni injini, mfungue skrubu ya chini ya filta ya dizeli, mkinge kwa chupa safi. Maji yakiwemo yatakaa chini, dizeli juu. Filta chafu ibadilishwe, kisha pigeni ile pampu ndogo ya mkono hadi hewa itoke yote.

Bado? Kagueni mipira kutoka tangi. Wengi hutafuta mahali panapovuja, lakini mpira uliopasuka huweza kuvuta hewa ndani bila kudondosha hata tone. Mwisho fungueni kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.