Kufundisha Mlango wa Bahari: Mfano wa Pwani ya Mbweni

Madhumuni. Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza maana ya mlango wa bahari, na atambue kwamba jina la mahali huonyesha upande aliosimama mwenye kulitoa.

Vifaa. Ramani ya Tanzania, rula, karai, udongo wa mfinyanzi na maji.

Hatua ya 1: Kutazama na kupima. Watoto wapelekwe ufukoni Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe. Baadhi yao wakikiona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka 1904, watadhani ni Bara. Mwalimu asiwakemee, bali wakirudi darasani wapime wenyewe kwenye ramani. Penye wembamba, mlango huu una upana wa yapata kilomita 36.

Hatua ya 2: Kutenga maneno. Watu wengi huuita “Mkondo wa Zanzibar”. Mkondo ni mwendo wa maji. Mlango ni nafasi ya bahari iliyo baina ya nchi mbili kavu. Mtoto asipotengewa maneno haya, atachanganya mambo mawili.

Hatua ya 3: Kina. Finyanga vilima viwili ndani ya karai, baina yake bonde la kina kifupi, kisha tia maji kidogo kidogo. Zama za barafu bahari ilikuwa chini kwa yapata mita 120, na Unguja ilikuwa imeshikana na Bara. Pemba haikushikana, kwa sababu mlango wake una kina cha mamia ya mita.

Hatua ya 4: Jina. Zanzibar ni jina lenye asili ya Kiajemi, maana yake pwani ya Wazanji, yaani watu weusi. Wageni kutoka kaskazini walilitumia kwa pwani yote. Wenyeji husema Unguja, na pwani ya ng'ambo huiita Mrima.

Hitimisho. Mlango hutenga, na pia hupitisha. Kwa mlango huu walivushwa watumwa kutoka Bara, hata soko lao lilipofungwa mwaka 1873. Hapo Mbweni misheni ya UMCA iliwasomesha wasichana waliokombolewa, na baadhi yao wakawa waalimu. Mwalimu asiliache jambo hili. Bila ya hilo, ramani ni mistari mitupu.

Maswali
1. Mkondo na mlango vina tofauti gani?
2. Kwa nini Unguja iliungana na Bara, na Pemba haikuungana?
3. Mkaazi wa Bagamoyo angeuita mlango huu jina gani? Toa sababu.