Nyuzi ngapi zinatosha ndani ya nyumba?

*Tumehamia Minneapolis kutoka Mombasa na huu ni msimu wetu wa kwanza wa theluji. Mume wangu anaweka themostati nyuzi 80 za Farenhaiti. Bili inatisha, na mtoto wetu anaamka pua imekauka. Nikishusha, mume wangu ananuna. Tuweke ngapi?*
*Msomaji, Minnesota*

Pole, dada. Mumeo hadeki, mwili uliozoea joto la Pwani huchukua muda kuzoea baridi. Hata hivyo, 80 ni nyingi mno. Idara ya Nishati ya Marekani inashauri nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, mkiwa macho, na pungufu mkilala au mkitoka. Kwa kuwa mna mtoto, msishuke chini ya 64.

Msiruke kwa siku moja. Shusheni nyuzi moja kila baada ya siku chache, huku mkivaa soksi na sweta na kuziba mianya ya madirisha. Mkirudi nyumba ikiwa baridi, kupandisha hadi 80 hakuharakishi chochote: mitambo mingi hutoa joto kwa kasi ileile, ila huchelewa kuzima.

Pua hukauka kwa sababu hewa ya nje ina unyevu kidogo, na ikipashwa moto hukauka zaidi. Mtoto akitoka jasho shingoni, mpunguzie nguo. Pua ikitoka damu mara kwa mara, mwoneni daktari.

Msiote moto wa oveni wala kuwasha mkaa ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua. Mkiumwa kichwa na kizunguzungu nyote kwa pamoja, tokeni nje upesi, mpige 911.