Dondoo muhimu: Taazia ya mtunzi wa vitabu vya watoto

Unguja maziko hayacheleweshwi. Anayefariki alfajiri huenda akazikwa alasiri hiyohiyo. Mwandishi wa taazia asiwakimbilie wafiwa na daftari mkononi. Siku ile tangazo la redioni linatosha, maswali yangoje hitma ipite.

Mwaka wa kuzaliwa ndio unaosumbua zaidi. Wazee wengi huhesabu kwa matukio, basi mwandishi aulize: marehemu alizaliwa kabla ya vita vya ng'ombe vya Kiembesamaki, 1951, au baada? Wakati wa Mapinduzi, 1964, alikuwa bado chuoni? Miaka ya vitabu isomwe kwenye vitabu vyenyewe.

Riziki ya marehemu nayo itajwe. Kwa mfano, Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), mshairi na msimulizi wa ngano, aliwahi kuwa mvuvi, baharia na mchukuzi kabla diwani yake, Kimbunga, haijatoka mwaka 1994. Taazia inayoanzia 1994 inaipoteza bahari yote hiyo.

Kisha watafutwe wasomaji wa marehemu, ambao leo huenda ni muuza vitambaa wa Darajani au mwalimu wa Makunduchi. Waulizwe walimwogopa mnyama gani hadithini, na nani aliwasomea. Jibu moja la namna hiyo lipewe aya ya kwanza, mbele ya vyeo na tuzo.