SOMO LA WIKI: Mgeni huuliza sheria kabla ya bei ya chumba

Wiki hii bidhaa yetu ni chumba cha hoteli, na mnunuzi ni msafiri mwenye mpenzi wa jinsia yake. Mnunuzi huyu hutazama jambo moja lisiloandikwa kwenye orodha ya bei: akifika mapokezi na mwenzake wakaomba chumba kimoja, je, wanaweza kufukuzwa?

Mfano wetu ni Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Ni jiji la wastani. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 309,317.

Hasara. Mwaka 1992 baraza la jiji lilipitisha sheria ndogo ya kuzuia ubaguzi, na wapenzi wa jinsia moja wakawamo. Novemba 1993 wapiga kura walibadili katiba ya jiji ili baraza lisiweze kuwapa kinga hiyo. Baadhi ya mashirika yakahamishia mikutano yao kwingine. Mkutano ukihama, hasara humfikia mwenye hoteli, mpishi na dereva wa teksi, hata yule aliyepiga kura ya kupinga.

Marekebisho. Novemba 2004 kipengele hicho kilifutwa kwa kura. Kampuni ya Procter & Gamble, yenye makao makuu jijini humo, iliunga mkono kufutwa kwake. Siku hiyo hiyo jimbo zima la Ohio lilipiga kura kuzuia ndoa za jinsia moja. Mwaka 2006 baraza la jiji lilirudisha kinga.

Ngazi za sheria. Hapa ndipo msafiri hukosea. Sheria ya taifa ya 1964 inayohusu hoteli hutaja rangi, dini na asili ya mtu. Mapenzi ya jinsia moja haimo. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 2020 ilihusu ajira. Bunge la Ohio nalo halijapitisha sheria ya jimbo zima. Kwa hiyo kinga iliyoandikwa wazi kwa mgeni mapokezini ni sheria ndogo ya jiji, nayo huishia mpakani mwa jiji. Tena, uwanja wa ndege wa Cincinnati uko ng'ambo ya mto, jimbo la Kentucky. Huko nako hakuna sheria ya jimbo zima, ingawa mji wa Covington una yake tangu 2003.

Ndoa. Mwaka 2013 Jim Obergefell wa Cincinnati alisafiri kwa ndege hadi Maryland kumwoa John Arthur aliyekuwa mgonjwa mahututi, kwa kuwa Ohio haikuitambua ndoa yao. Kesi yake ndiyo iliyofungua ndoa hizo nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Leo wenzi waliooana wakipatwa na maradhi safarini, Ohio inawatambua.

Matembezi. Northside ni mtaa unaojulikana kwa wapenzi wa jinsia moja. Over-the-Rhine una soko la Findlay, na tramu ya kutoka katikati ya jiji haitozi nauli tangu 2020.

Zoezi. Kabla ya kulipa, andika mahali pa kutua, pa kulala na pa kutembelea. Mbele ya kila jina, andika sheria ya mji huo. Penye nafasi tupu, uliza hoteli yenyewe na upate jibu kwa maandishi. Mwenye hoteli afanye zoezi hilo hilo: ajibu kabla hajaulizwa.