Mtoto wa Anemi SS na Masomo ya Simu

Mama, una mtoto mwenye anemi SS. Mwezi uliopita alikosa masomo siku nane, mwezi huu siku tano. Mwalimu anasema atarudia kalasi. Jirani anasema usipoteze feza kwa mtoto wa namna hiyo. Usimsikie. SS si uchawi. Ni ugonjwa wa damu, na mtoto ameupata kwa baba na kwa mama, wote wawili. Watoto wengi wa SS wanaotunzwa vizuri wanakua na kufanya kazi. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure. Lakini ubure huo unamsaidia nini mtoto aliyelala kitandani?

Kuna masomo mengine ya bure, yanayofika kwa simu kwa njia ya intaneti. Khan Academy ya Marekani, iliyoanza mwaka 2008, ina hesabu kwa Kifaransa, na hawaombi malipo. Uzuri wake kwa mgonjwa ni huu: mwalimu wa simu hachoki kungoja. Maumivu yakimshika, mtoto anasimamisha somo. Akipata nafuu baada ya juma mbili, analikuta pale pale. Lakini uliza kwanza. Masomo mengine yana tarehe ya mwisho, na mgonjwa anaachwa nyuma. Mengine ni bure mpaka siku ya kutaka cheti, ndipo wanaomba feza!

Tena mega si bure, wala umeme wa kuchaji. Toka Yanonge mpaka Kisangani ni kama kilometa 60. Ukienda huko kwa munganga ao sokoni, omba kijana anayejua simu aingize masomo yanayokubali kuwekwa ndani, yasomwe nyumbani bila rezo. Somo la kusoma linakula mega kidogo kuliko video. Huna simu kubwa? Azima daftari la mwenzake wa kalasi. Redio pia ilifundisha watoto mwaka 2020, masomo yalipofungwa sababu ya Korona.

Asome asubuhi akiwa na nguvu, nusu saa hivi, kisha apumzike. Kikombe cha maji safi kiwe karibu, maana mtoto wa SS lazima anywe maji mengi. Asikae kwenye jua kali wala baridi. Siku ya homa, hakuna somo. Na kama zamani alifahamu vizuri, sasa anasahau kila kitu, usimpige ukisema ni mvivu. Mwambie munganga: SS inaweza kuziba mishipa ya damu ya kichwa.

Homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida, macho kuwa meupe ao manjano sana, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono ao mguu kulegea: mpeleke hospitali mara moja, hata usiku. Kwa hiyo masomo yasimalize batri yote. Bakisha kidogo ya kumwita mwenye pikipiki ao mwenye mtumbwi.